Barua ya wazi kwa wanaogeuza magemu ya Enzi za Kati kuwa filamu

Kwa wakuu wa studio za filamu,
Kwa wakuu wa majukwaa ya kutazama tamthilia mtandaoni,
Kwa kampuni za magemu zinazouza haki za hadithi zao.

YAH: BAJETI NA UBORA WA FILAMU NA TAMTHILIA ZA ENZI ZA KATI ZINAZOTOKANA NA MAGEMU

Waheshimiwa,

Salamu. Kabla ya barua hii niliandika nyingine tatu, zote za faragha. Ya kwanza niliwapelekea watayarishaji wa tamthilia moja ambayo sitaitaja, nikaeleza kwa utulivu kilichonisumbua katika mavazi na mapigano yake. Mashine ikanijibu kwamba maoni yangu yamepokelewa na yana thamani kubwa. Ya pili ilijibiwa maneno yale yale, herufi kwa herufi. Ya tatu haikujibiwa kabisa. Wazee walisema mficha uchi hazai, basi leo nasema hadharani.

Mimi ni mshonaji wa maleba. Kwa miaka mingi nimewavika waigizaji wa jukwaani, wafalme kwa ombaomba, na usiku nikishafunga cherehani hucheza magemu. Nayapenda zaidi yale ya Enzi za Kati, ya panga na ngome za Ulaya, yawe ya historia au ya majoka na wachawi. Kwa hiyo mimi ni mteja wenu pande zote: magemu nimenunua, tiketi za sinema nimekata, na ada ya kila mwezi nalipa. Sikuja kutukana mtu. Nimekuja kuwaambia kwamba fedha mnazo, ila zinapopungua mnaanza kukata mahali ambapo hapakupaswa kuguswa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ukubwa wa bajeti haujatuokoa

Mwaka 2007 ilitoka In the Name of the King, iliyotokana na gemu la Dungeon Siege. Iligharimu takriban dola milioni 60 na kuingiza kama milioni 13 duniani kote. Ilikuwa na waigizaji wenye majina, misitu ya Kanada na farasi wa kutosha. Bado majitu yake yalionekana ni watu waliovaa mpira, na askari wake walionekana wamevaa dakika tano kabla ya kamera kuwashwa.

Miaka tisa baadaye ikaja Warcraft, kwa takriban dola milioni 160. Hapa nataka niwe mwadilifu, maana ipo kazi kubwa ndani ya filamu ile. Mtazameni Durotan, chifu wa orki, yaani majitu wapiganaji wenye meno ya nje, pale anapozungumza na mkewe. Ana makovu, ana vinyweleo, macho yana unyevu, na meno yake ya nje yana alama za kutumika. Wasanii wa kompyuta walimpa maisha. Sasa mtazameni mwanadamu anayesimama mbele yake: deraya inayong'aa bila mkwaruzo hata mmoja, nene kama ya kuchezea. Kiumbe wa kompyuta ana historia mwilini, na binadamu wa kweli anaonekana ametoka ghalani. Nilipotoka sinema nilikuwa nimeshajua fedha zilielekea upande gani.

Filamu hiyo iliingiza takriban dola milioni 439, karibu nusu yake China. Wengi husikia namba hiyo wakadhani ilikuwa neema. Lakini bajeti inayotangazwa kwa kawaida haihesabu matangazo, kumbi za sinema huchukua karibu nusu ya tiketi, na nchini China studio ya nje kwa kawaida hubaki na kama robo tu. Mwendelezo haukuja. Mashabiki tuliambiwa kwamba hadithi za namna hii haziuziki, tukaondoka tumebeba lawama isiyo yetu.

Mwaka huo huo wa 2016 ikatoka Assassin's Creed, kwa takriban dola milioni 125. Sehemu zake za Hispania ya 1492 nazikumbuka mpaka leo: watu wanazungumza Kihispania, vumbi linaingia kwenye mikunjo ya nguo, na mtaalamu wa michezo ya hatari, Damien Walters, alijirusha kweli kutoka kimo cha mita 38 hivi, bila kamba. Nilishika pumzi. Kisha filamu ikaturudisha kwenye jengo la wakati wa sasa, kuta za kijivu na mazungumzo marefu, na huko ndiko ilikokaa muda mwingi zaidi. Mlishona joho la kifalme mkalitundika kabatini, mkatuonyesha kabati.

Milioni 60, milioni 125, milioni 160. Kama fedha peke yake ingekuwa dawa, tungekuwa tumeshapona.

2. Nguo hazina maisha

Hapa ndipo roho inaponiuma, maana ni kazi ya mikono yangu.

Katika tamthilia ile niliyoiandikia barua, yupo askari anayeingia ukumbini kuleta habari mbaya. Tunaambiwa amepanda farasi siku tisa, mvua ikimnyeshea, akivuka mito. Nikasimamisha picha. Pindo la joho lake limenyooka kama limetoka chini ya pasi sasa hivi. Mapajani hakuna alama ya tandiko. Begani, mahali ambapo mkanda wa ngao ungekuwa umesugua kitambaa mpaka kikafifia, rangi ni ile ile ya kiunoni. Na alipoinua mkono, deraya yake ya pete ilijikunja kwapani kama sweta, kwa sababu ilikuwa sweta: uzi uliofumwa ukapuliziwa rangi ya fedha.

Uzi uliofumwa si dhambi. Nimeutumia jukwaani mara nyingi, na mtazamaji aliyeketi safu ya kumi hawezi kuujua. Lakini kamera haiketi safu ya kumi. Kamera huja mpaka kwenye kola, ikahesabu mishono.

Kazini kwetu kuna hatua tunayoiita kuzeesha nguo. Nguo ikishakamilika hupigwa msasa viwikoni na magotini, huchovywa kwenye chai iliyokolea, hupakwa nta na vumbi, hufuliwa bila kupigwa pasi. Pindo husuguliwa kwa brashi ya waya mpaka nyuzi zianze kuchomoza. Bizimu za mikanda huondolewa mng'ao, kisha mkanda hukunjwa na kukunjuliwa kwenye tundu moja, lile lile ambalo mwenye nguo angelitumia kila siku. Joho moja zuri hunichukua siku mbili. Vifaa vyake ni vya bei ndogo sana. Kinacholipwa ni mikono na muda.

Na hapo ndipo penye siri ya tatizo lote. Kuzeesha ni hatua ya mwisho kabla ya kupiga picha. Ratiba ikibanwa juu, kwa sababu hati ya tamthilia imeandikwa upya au mwigizaji mkuu amechelewa, siku zinazoliwa ni za chini, ni zetu. Nguo zinafika asubuhi ya kupiga picha na watu wanavishwa zikiwa mpya. Hakuna aliyekaa mkutanoni akaamua kwamba askari wa siku tisa waonekane hawajatoka nyumbani. Uamuzi ulijifanya wenyewe, kwa kuwa hakuna fungu lililowekwa kuuzuia.

Msiniambie inahitaji mamilioni. Mbunifu wa mavazi wa tamthilia ya Game of Thrones, Michele Clapton, alieleza hadharani kwamba baadhi ya majoho mazito ya walinzi wa ukuta yalitokana na mazulia ya duka la samani la IKEA, yakakatwa, yakanyolewa, yakatiwa mikanda ya ngozi na kuzeeshwa. Kwa miaka tulimtazama Jon Snow, mmoja wa walinzi hao, akitetemeka ndani ya zulia na tukahisi baridi pamoja naye. Katika filamu za The Lord of the Rings, pete za deraya zilikuwa za plastiki, zaidi ya milioni 12, zikaunganishwa moja moja kwa mkono mpaka zikaning'inia kama chuma. Nguo ile haikuwa na chuma cha mhunzi. Ilikuwa na subira.

Na gemu lenyewe liko mbele yenu. Kingdom Come: Deliverance la mwaka 2018 linatupeleka Bohemia, nchi ya Ulaya ya Kati, mwaka 1403, kwa Henry, mtoto wa mhunzi. Mwanzoni kabisa, mwaka 2014, wapenzi wa wazo hilo walichanga zaidi ya pauni milioni 1.1 kuliunga mkono. Ndani yake Henry huvaa kwa tabaka: kwanza nguo nene iliyojazwa, juu yake deraya ya pete, juu ya hiyo mabamba ya chuma. Akivaa kofia yenye kifuniko cha uso, skrini inabaki upenyo mwembamba na mchezaji hajui adui anatokea wapi. Matope na damu hubaki kwenye nguo zake mpaka azioshe, na wanakijiji humpokea tofauti akiwa mchafu. Mchezaji aliyezoea hivyo, mkimwonyesha pindo lililopigwa pasi, ataliona bila kufundishwa ushonaji.

3. Vitu havina uzito

Upanga mrefu wa vita ulikuwa na kilo moja na nusu hivi. Deraya kamili ya mabamba ilikuwa kati ya kilo 15 na 25, imegawanywa mwili mzima ili mtu aweze kukimbia na kupanda farasi. Si lazima mwigizaji abebe zote. Lakini anapovaa sponji iliyopakwa rangi bila kufundishwa jinsi mwili unavyobeba chuma, hugeuka kama mcheza dansi, na upanga wake hupasua kifua cha deraya kama unakata papai. Mabamba yalitengenezwa ili upanga usipite. Ndiyo maana wapiganaji walilenga kwapa, shingo na nyuma ya goti, na ndiyo maana rungu na shoka vilipendwa. Magemu mengi yanalijua hilo na yanatuadhibu tukilisahau. Wiki tatu za mazoezi na mwalimu mzuri zingetosha kubadilisha kila pambano, nazo ni nafuu kuliko dakika moja ya joka.

4. Giza na kijivu

Vita vinapigwa usiku ili tusione kwamba askari ni thelathini. Naelewa sababu, ila mkiifanya kila mara tunaona mbinu badala ya vita.

Kuhusu rangi nitasema neno moja la fundi: watu wa Enzi za Kati walipenda rangi. Walitia nguo nyekundu kwa mizizi ya mimea, buluu kwa majani, njano kwa maua, na kuta za makanisa zilichorwa. Ulimwengu wote kuvikwa kahawia na kijivu ni chaguo la siku hizi, na magemu yenyewe hayakulichagua.

5. Mnanyoosha hadithi kuliko kitambaa chenu

Castlevania, nayo ya kutoka kwenye magemu, ilipoanza kama tamthilia ya katuni mwaka 2017, msimu wake wa kwanza ulikuwa na sehemu nne tu, kila moja chini ya nusu saa. Walikuwa na kitambaa cha sehemu nne, wakashona sehemu nne. Wallachia yao, sehemu ya Romania ya leo, ya karne ya 15 ilikuwa na moshi, hofu na makuhani wenye sura za watu. Tuliomba zaidi, tukapewa zaidi.

Kinyume chake, nimeona bajeti ya sehemu nne ikigawanywa kwa nane kwa sababu jukwaa linataka saa nyingi za kutazamwa. Matokeo ni watu wawili wakizungumza katika chumba cha mawe, sehemu baada ya sehemu, huku fedha zikihifadhiwa kwa ajili ya vita vya mwisho ambavyo navyo vinapigwa gizani. Game of Thrones katika msimu wake wa kwanza, 2011, haikuwa na fedha za kuonyesha vita vizima. Waandishi wakampiga Tyrion, mmoja wa wahusika wakuu, kichwani kabla ya vita kuanza, akaamka vimeshaisha. Walikata pale ambapo kukata kuliongeza ladha ya mhusika, na hawakugusa nguo wala nyuso.

6. Mnanunua jina, mnaacha watu

Nyuma ya kila gemu zuri wapo watu waliokaa miaka wakichora bizimu, ala za panga, nyufa za ukutani. Msanii mmoja wa Assassin's Creed Unity alitumia karibu miaka miwili kulijenga kanisa la Notre-Dame ndani ya gemu, jiwe kwa jiwe. Haki zikiuzwa, michoro ya watu kama hao inabaki kwenye kabati la kampuni na filamu inaanza kuchora upya kutoka sifuri, kwa haraka, kwa gharama ya pili. Hilo silielewi hata kwa hesabu ya mfanyabiashara.

Waheshimiwa, najua majibu yaliyopo.

Mtasema ni hadithi za kubuni, zina majoka, kwa hiyo usahihi wa nguo si kitu. Mimi naona kinyume. Tukishaombwa kuliamini joka, kila kitu kingine lazima kitusaidie kuamini: kamba, ndoo, kiatu chenye kisigino kilicholika. Mtasema uso wa mwigizaji tuliyemlipa lazima uonekane, kwa hiyo kofia za chuma zitavuliwa. Vueni, lakini mtupe sababu, na mwacheni mtu apoteze kofia yake vitani kama watu walivyopoteza. Mtasema watazamaji hawatambui. Tamthilia ya The Witcher, ambayo chanzo chake ni vitabu ingawa wengi wetu tuliijua kupitia magemu, ilipoanza mwaka 2019 iliwavika askari wa himaya ya Nilfgaard deraya nyeusi zenye mikunjo kama ngozi ya zabibu kavu. Watazamaji wakalalamika dunia nzima. Msimu wa pili ulipokuja mwaka 2021, deraya zilikuwa zimebadilishwa. Walitambua, wakasema, wakasikika. Nawapongeza waliosikiliza, na nauliza kwa nini isiwe desturi.

Na mtasema fedha haitoshi. Kwa hilo tu nakubaliana nanyi kwamba haitatosha kamwe. Sijawahi kufanya kazi ambayo fedha ilitosha. Ndiyo maana nauliza mnakata wapi.

Ninayoomba ni haya:

(a) Wekeni ndani ya bajeti, tangu siku ya kwanza, fungu la kuzeesha maleba na vifaa, pamoja na siku zake kwenye ratiba. Ratiba ikibanwa, siku hizo zisiguswe. Kati ya yote niliyoandika, hili ndilo la bei nafuu zaidi na lenye faida ya haraka zaidi.

(b) Amueni idadi ya sehemu baada ya kujua bajeti. Nne nzuri tutazilipia.

(c) Kampuni za magemu, hili ni lenu. Siku ya kuuza haki ndiyo siku pekee mnapokuwa na nguvu. Andikeni kwenye mkataba kwamba wasanii wenu wa mavazi na silaha wataketi pamoja na watengenezaji wa filamu, walipwe, na michoro yao itumike. Mkishatia saini bila hilo, mtabaki kulalamika pamoja nasi.

(d) Wapeni waigizaji na wapiganaji muda wa mazoezi wakiwa ndani ya mavazi yao halisi, si suruali za michezo.

(e) Tupeni mtu wa kutujibu.

Naandika sasa kwa sababu muda upo. Filamu ya The Legend of Zelda yenye waigizaji halisi ilitangazwa mwaka 2023, na mwaka 2025 ikatangazwa filamu ya Elden Ring chini ya mwongozaji Alex Garland. Katika Elden Ring kila joho lililochanika linasimulia vita ambavyo hatukuviona. Nimewahi kusimama mbele ya askari mmoja aliyekufa ndani ya gemu lile kwa dakika nzima nikitazama tu jinsi kitambaa chake kilivyooza kuanzia chini kwenda juu, vile hasa kitambaa kinavyooza kikigusa ardhi yenye maji. Aliyechora kile alijua kitu. Mtafuteni.

Kama miongoni mwenu yupo atakayeisoma barua hii mpaka hapa, nipo tayari kumtumia vipande viwili vya joho la aina moja, kimoja kipya na kimoja nilichokizeesha kwa siku mbili, pamoja na karatasi ya gharama zake. Aviweke mbele ya kamera, avitazame kwa ukaribu ule ule tunaovitazamia sisi.

Wenu katika kazi,

Mshona maleba, na mchezaji wenu wa miaka mingi